Namna ya Kutengeneza Kisu cha Jiwe
Jiwe la matumbawe lililojengewa nyumba za kale hapa pwani ya Tanga halifai kwa kisu, kwa kuwa ni laini na lina vitundu; tafuta kwatzi, jiwe gumu jeupe linalong'aa kama kioo, lisilo na nyufa. Fanya kazi nje, ukiwa umevaa miwani, glavu na barakoa, maana vumbi lake huharibu mapafu. Tandika ngozi nene pajani, kisha piga jiwe kwa kokoto la mviringo karibu na ukingo, pale ambapo pembe haifiki nyuzi 90. Pigo sahihi hubandua kibanzi chembamba ambacho tayari kinapasua samaki, na makali hayo mapya ndiyo bora kuliko yote. Upande wa kushikia usugue mpaka uwe butu, uuzungushie kamba ya katani.