Kumsafirisha mnyama kama shehena ya ndege: kutoka chipu hadi kupokelewa

Anayeniletea mbwa au paka wa kusafirishwa karibu kila mara huuliza habari za huko juu: atapata hewa? Hataganda kwa baridi? Chumba cha mizigo anamowekwa mnyama kina mgandamizo wa hewa uleule wa chumba cha abiria, na joto lake hudhibitiwa. Kinachomchosha mnyama ni kusubiri chini: ghalani, kwenye lami yenye jua kali, au kaunta ambako karatasi moja inasema hivi na nyingine inasema vile. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kupunguza saa hizo.

Hatua ya 1: Anza na masharti ya nchi anakokwenda

Usikate nafasi ya ndege kwanza. Soma masharti ya nchi ya mwisho, kisha ya nchi atakayobadilishia ndege, halafu ya shirika la ndege lenyewe. Kwa mbwa na paka, mpangilio wa kawaida ni chipu (kifaa kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kama kinatakiwa, kisha cheti cha afya.

Usivuruge mpangilio huo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauitambui chanjo iliyotolewa kabla ya chipu kuwekwa, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ndiye huyu. Chipu yenyewe iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye tarakimu 15. Baada ya chanjo ya kwanza ni kusubiri siku 21. Mnyama akitoka nchi isiyo kwenye orodha yao ya nchi zisizodaiwa kipimo cha damu, damu huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kinga ifike angalau 0.5 IU (kipimo cha kimataifa cha kinga) kwa mililita, kisha miezi 3 ipite tangu siku ya kuchukua damu. Ndiyo maana mteja anayesema anahama mwezi ujao mimi humjibu kwa upole kwamba mbwa atamfuata baadaye.

Kasuku, kobe na jamaa zao ni habari nyingine. Wengi wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na bila kibali chake unaweza kunyang'anywa mnyama mpakani.

Hatua ya 2: Pima mnyama, ndipo utafute kasha

Mashirika ya ndege hufuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama chao cha kimataifa. Chukua tepu, msimamishe mnyama wima, pima vitu vinne: pua hadi shina la mkia (A), sakafu hadi kiwiko cha mguu wa mbele (B), upana wa mabega (C), na sakafu hadi utosi au ncha ya sikio, kilicho juu zaidi (D). Urefu wa ndani wa kasha ni A jumlisha nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D pamoja na unene wa tandiko. Mbwa wa pua fupi huongezewa asilimia 10, na mashirika mengi huwakataa kabisa misimu ya joto.

Tuchukue mbwa mwenye A ya sentimita 80, B 40, C 26 na D 70. Ndani anahitaji 100 kwa 52 kwa 70, bila tandiko. Nje kasha litafika kama 105 kwa 60 kwa 76. Zidisha vipimo hivyo vitatu, gawa kwa 6000, ndivyo ujazo unavyogeuzwa kuwa kilo, unapata karibu kilo 80. Mbwa na kasha lake kwenye mizani huenda wasizidi kilo 45, lakini utalipia 80, kwa kuwa shehena hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kipi kikubwa. Kubana kasha ili kuokoa pesa hakusaidii: kaunta wana tepu pia.

Kasha la plastiki lifungwe kwa boliti za chuma, mlango uwe wa chuma, magurudumu yatolewe. La mbao liwe na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Bakuli za maji na chakula zijazwe kutoka nje bila kufungua mlango. Bandika lebo ya wanyama hai na mishale ya upande wa juu.

Hatua ya 3: Nafasi na hati ya shehena

Omba ndege ya moja kwa moja hata kama ni ghali zaidi. Uthibitisho uwe na herufi AVI, ndizo zinazowaambia watu wa ghala kwamba ndani kuna kitu hai.

Hati ya shehena ina namba ya tarakimu 11: tatu za shirika, nane za mzigo. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: chukua saba za kwanza kati ya zile nane, gawa kwa 7, baki ndiyo ya nane. Yaani 1234567 hufuatwa na 5. Fanya hesabu hiyo kwa namba iliyoandikwa kwenye kasha. Inachukua sekunde chache, na mzigo wenye namba iliyokosewa unaweza kusahaulika ghalani.

Hatua ya 4: Siku ya safari

Mpe chakula chepesi saa chache kabla, maji bila kumnyima. Bakuli la maji ligandishwe usiku. Barafu huyeyuka polepole na haimwagiki kasha likiinuliwa. Dawa ya usingizi usimpe: hushusha shinikizo la damu na kumfanya ashindwe kujishikilia kasha likiyumba, na mashirika mengi hukataa mnyama aliyeleweshwa.

Kwenye ukaguzi wa usalama, mara nyingi mnyama hutolewa na kasha tupu ndilo hupita kwenye eksirei. Uwe na mkanda wake mkononi, usiufungie ndani ya kasha.

Hatua ya 5: Mambo usiyoyaona

Kapteni hupewa taarifa ya maandishi kuhusu wanyama waliomo. Mpakiaji mzuri humwingiza mnyama mwisho na kumtoa kwanza, humtenga paka na mbwa, na hukaa macho na barafu kavu, kwa kuwa hutoa kaboni dayoksaidi, gesi inayoweza kumkosesha mnyama hewa. Uliza ghalani kama kuna shehena ya barafu kavu kwenye ndege hiyo. Swali hilo pekee huwafanya wakukumbuke.

Hatua ya 6: Kupokea

Jina la mpokeaji kwenye hati lilingane na kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Daktari wa mifugo wa mpakani husoma chipu na vyeti, forodha hufuata, kisha gharama za ghala. Lipa mapema kinacholipika. Mlango wa kasha usiufungulie kwenye maegesho hata akilia vipi. Mbwa aliyetoka safari ndefu hukimbia bila kujua anakokwenda. Mfungulie ndani ya chumba kilichofungwa, umpe maji kidogo kidogo, chakula baadaye.