Somo: Kutunza mabehewa ya treni za modeli kwenye nyumba zetu za Mwanza

Tangu niweke hapa picha ya droo za mabehewa yangu ya treni ndogo za mfano, swali ni lile lile: "Mzee, unayapanga vipi?" Leo naandika yote kwa pamoja, na maswali mliyokwisha kunitumia nayajibu chini.

Nianze na aibu yangu. Mabehewa yangu 12 ya kwanza niliyalaza kwenye boksi la viatu, katikati nikapachika vipande vya sponji ya godoro. Boksi nikalipandisha juu ya kabati, kwenye chumba kisicho na dari. Masika mbili zikapita. Nilipofungua, sponji imekuwa kama uji uliolala: ukiigusa inanata, ukiivuta inakatika, na rangi ya behewa inatoka nayo. Behewa langu jeusi la mafuta mpaka leo lina mabaka ubavuni kama sato aliyeparwa magamba kwa haraka. Sponji ile ni ya poliurethani, na joto likishirikiana na unyevu huiozesha. Kwa hiyo kwetu huku nafasi si tatizo kubwa. Tatizo ni bati, unyevu, na mkono unaochokora kutafuta behewa la chini.

Pima kwanza. Mabehewa yangu ni ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87: behewa halisi limepunguzwa mara 87. Behewa la mizigo la Marekani la futi 40 linakuwa na sentimita 14, na pamoja na viungio vyake liandikie 15. Upana ni kama 3 na nusu, kimo 5 na kidogo. Behewa la abiria la futi 85 linakaribia sentimita 30, hivyo litafutie droo yake. Wenye kipimo cha N, 1 kwa 160, vipimo vyenu ni zaidi kidogo ya nusu ya hivi.

Chagua mahali. Juu ya kabati chini ya bati, hapana. Plastiki nyembamba hupinda kwa joto. Sakafuni napo mchwa na maji ya deki. Na kama nyumba yako imeegemea jiwe, kama zetu nyingi za milimani, ule ukuta wa upande wa jiwe hutoa jasho masika nzima, kwa hiyo kabati lisiuguse. Kingine ni mfuniko. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata taa usiku, na asubuhi unawakuta wamekufa marundo marundo. Ukiwatoa kwenye vingazi vya behewa kwa brashi, nusu ya vingazi wanaondoka navyo.

Tengeneza trei. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Aliyewahi kuiona MV Umoja ikipakia Bandari ya Mwanza Kusini kwa safari ya Port Bell, Uganda, ameshaiona droo yangu. Meli ile ina reli ndani yake, mabehewa yanaingia kwa mistari na kufungwa yasitembee. Tofauti ni kwamba melini behewa la ndani linasubiri la mbele litoke, ila kwenye droo mkono unatokea juu, kwa hiyo kila behewa linatoka bila kumgusa jirani.

Mpe seremala vipimo hivi vya ndani: urefu sentimita 64, upana 40, kimo 7. Chini plaiwudi, pembeni mbao. Gawa upana kwa mistari saba kwa kadibodi ngumu ya milimita 3, na kila mstari uukate vyumba vinne. Unapata mabehewa 28. Fundi wangu alitaka kubana mistari minane, nikakataa: vidole navyo vinahitaji njia, karibu sentimita moja kila upande. Sakafuni tandika ile karatasi nyeupe laini inayofungiwa televisheni mpya. Hiyo ni ya polithini, haiozi kama sponji. Reli usiweke, behewa litatembea kila ukivuta droo. Ukipaka vanishi, acha wazi mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni mwezi.

Unapolitoa behewa, lishike chini, kwenye fremu, kwa vidole viwili. Ukilishika ubavuni, utabaki na usukani wa breki kidoleni, nao haufiki ukubwa wa punje ya hindi. Usukani huo ukianguka kwenye zulia, usahau.

Unyevu. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu na mikoba msivitupe. Weka vitatu au vinne kila droo. Vikishiba maji havisaidii tena, vibadilishe. Raba bendi usitumie hata moja, zinayeyuka na kuacha mstari wa kahawia.

Daftari. Andika namba kwa penseli kwenye kadibodi ya kila chumba, na daftarini namba ile ile, aina ya behewa, na lilikotoka. Lebo za gundi mende wanazila.

Sasa maswali.

*Shikamoo mzee. Mimi nimepanga chumba kimoja Mabatini, droo niiweke wapi?*

Marahaba. Chukua boksi la rimu za A4 lenye mfuniko. Kata trei tatu za kadibodi zinazopandana, mabehewa yalale kwa upana wa boksi, matano kila trei. Hayo ni 15. Juu ya boksi usiweke kitu, hata begi.

*Dhidi ya mende, naweza kutia vile vidonge vyeupe vya nguo?*

Hapana. Mvuke wake unaweza kulainisha plastiki ya polistireni, na mabehewa mengi ni ya plastiki hiyo. Droo ifunge vizuri tu, na chakula kisiliwe karibu.

*Vichwa vya treni navyo vinakaa humo?*

Vyangu vina droo yao, ya chini, kwa sababu ya uzito. Visimame kwa magurudumu, visilazwe ubavu, maana oili hutambaa mpaka kwenye rangi. Kila baada ya miezi michache vitoe vitembee kidogo, grisi isigande.

*Kaka, nataka kujitengenezea mabehewa ya reli yetu ya zamani. Vyumba hivi vitafaa?*

Vitafaa, ila pima urefu wa behewa lako kabla ya kukata kadibodi. Reli ya zamani ina upana wa mita 1, ambayo kwa 1 kwa 87 ni milimita 11 na nusu, na watu hutumia njia ya milimita 12. Njia ya kawaida ya HO ni milimita 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni sawa na milimita 1,435 za SGR, reli yetu mpya. Magurudumu ya njia hizo mbili hayabadilishani, kwa hiyo yaandikie daftarini mapema.

*Fundi alikutoza ngapi?*

Plaiwudi inapanda kila siku, bei yangu haitakusaidia. Ila usimwambie ni nyumba ya treni, atasimamisha kazi akuhoji saa nzima. Mimi nilimwambia ni droo ya vijiko.