Mtafute binti kwanza: ninavyosoma majalada yaliyolala

Mimi si askari wala wakili. Mchana nafunga hesabu za duka la vipuri. Usiku, watoto wakishalala, nafungua kauntabuku na kusoma habari za wasichana waliopotea miaka mingi iliyopita. Sijatatua kesi hata moja, nakuambia mapema. Lakini ipo kazi ambayo mtu mwenye bando na subira anaweza kuifanya akiwa nyumbani, na haihusiani kabisa na kunyooshea watu vidole.

Hatua ya 1: Chagua mmoja

Mmoja tu. Nitamtumia Maura Murray, mwanafunzi wa uuguzi wa miaka 21, aliyepotea tarehe 9 Februari 2004 kwenye barabara ya 112 huko Haverhill, New Hampshire, Marekani. Kesi yake imeandikwa sana, ndiyo maana inafaa kujifunzia. Ubaya wake pia ni huo huo: uvumi umeizonga kama magugu.

Hatua ya 2: Chora saa

Gawa ukurasa safu tatu: saa, nani kasema, amejuaje. Safu ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Humo naandika neno moja kati ya haya: kaona, kasikia, kadhani.

Tumia saa za mtindo wa 24. Mwaka wangu wa kwanza nilinakili 7:27 ya Wamarekani bila kuigeuza, baada ya wiki nikaisoma kama saa saba na ushee za kwetu, nikajenga nadharia nzima ya mchana kweupe juu ya ajali iliyotokea gizani.

Kwa Maura ukurasa unakuwa hivi. Kabla ya kuondoka aliwaandikia walimu wake kwamba amefiwa. Barua pepe ipo, lakini familia ilisema hapakuwa na msiba. Kwa hiyo ni mistari miwili, si mmoja. Saa 15:40 anatoa dola 280 kwenye mashine ya benki: kamera imeona. Saa 19:27 jirani anawapigia polisi, gari limeacha njia. Dereva wa basi la shule anasimama kumsaidia; msichana anamsihi asiite polisi, eti ameshawapigia watu wa kuvuta magari. Dereva anajua pale mtandao haushiki, anakwenda kwake na kupiga mwenyewe. Saa 19:46 askari anafika. Gari limefungwa, mwenyewe hayupo.

Dakika 19. Wengi hurukia hapo moja kwa moja na kumweka muuaji ndani yake. Safu yangu ya tatu haina "kaona" hata moja inayosema amekwenda wapi, basi naiacha tupu. Inauma kuacha nafasi tupu, hasa kwa mtu wa hesabu.

Hatua ya 3: Tafuta msumari uliobeba kila kitu

Kila jalada lina maelezo mamoja ambayo mengine yote yametundikwa juu yake. Yazungushie duara jekundu. Suzy Lamplugh, wakala wa nyumba wa miaka 25, alitoka ofisini Fulham, London, tarehe 28 Julai 1986. Shajara yake ilisema 12:45, "Mr Kipper", nyumba namba 37, Shorrolds Road. Nchi nzima ikamsaka Mr Kipper. Sasa jiulize: ukiuondoa mstari huo, nini kinabaki? Linabaki gari, lililokutwa usiku huo mtaa mwingine, Stevenage Road, pochi yake imo ndani na ufunguo haupo. Anza upya kutoka kwenye gari.

(Na usiunganishe kesi kwa sababu zinafanana. Brianna Maitland, miaka 17, alipotea Vermont tarehe 19 Machi 2004, wiki chache baada ya Maura, naye gari lake likakutwa limetelekezwa. Watu wamezishona hizo mbili pamoja kwa miaka. Polisi hawakuona uhusiano.)

Hatua ya 4: Soma karatasi ya kwanza kabla ya ya pili

Hapa tuna somo la nyumbani. Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, alipotea Maasai Mara Septemba 1988. Baba yake, John Ward, alikuja Kenya akakodi ndege. Gari likaonekana kutoka angani, na siku hiyo hiyo mabaki yake yakapatikana. Maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa wanyama. Ripoti ya daktari ilisema mifupa imekatwa kwa kitu chenye makali, kisha maneno yakabadilishwa. Kesi za 1992 na 1999 ziliisha kwa washtakiwa kuachiwa huru. Tazama alipoanzia mzee yule: alimtafuta mwanawe kwanza.

Hatua ya 5: Linganisha waliopotea na waliopatikana bila majina

Hapa ndipo mtu wa kawaida amewahi kufanikiwa kweli. Mwaka 1968, karibu na Georgetown, Kentucky, mchimba visima alikuta mwili wa mwanamke umefungwa kwenye turubai. Alizikwa bila jina. Watu walimwita Tent Girl, msichana wa turubai. Todd Matthews, mkwe wa mchimba visima huyo, mfanyakazi wa kiwandani, alitafuta jina lake kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1998 alikuta mtandaoni tangazo la mtu aliyemtafuta dada yake aliyepotea Lexington, mji wa jirani. Vinasaba vikathibitisha: Barbara Hackmann Taylor, miaka 24. Wataalamu walikuwa wamemkadiria 16 hadi 19.

Shika tofauti hiyo ya miaka. Ukiingia NamUs, hifadhidata ya serikali ya Marekani iliyo wazi kwa umma, ongeza angalau miaka mitano kila upande wa umri, legeza urefu kwa sentimita kadhaa, na usifungie jimbo moja. Usilegeze alama za kudumu: meno, makovu, mifupa iliyowahi kuvunjika.

Hatua ya 6: Kabla hujatuma ulinganisho wako

Soma orodha ya walioondolewa, yaani waliopotea ambao tayari imethibitika mwili huo si wao; iko kwenye ukurasa wa kila mwili usio na jina. Mimi niliwahi kutuma ulinganisho nilioutolea jasho miezi miwili, nikajibiwa kwa sentensi moja: aliondolewa zamani, na jina lake lipo kwenye orodha. Lilikuwepo.

Mwandikie anayeshika jalada, ukitaja namba zote mbili, ya aliyepotea na ya mwili usio na jina, na sababu tatu zisizozidi mistari kumi. Familia usiiandikie kamwe.

Septemba 2021 mifupa ilipatikana kwenye Mlima Loon, huko huko New Hampshire, nikaanza mstari mpya kwa kalamu. Novemba maabara ikajibu: ni ya mtu wa kati ya 1774 na 1942. Tangu hapo ugunduzi wowote nauandika kwa penseli, na ukurasa wa Maura bado umeishia 19:46.