Ukitaka kazi ya kulinganisha tishu, anzia benki ya damu

Wadogo zangu wa kidato cha sita wanaotembelea maabara hapa Mbeya huniuliza: "Dada, upandikizaji wa figo tunausikia Muhimbili na Dodoma. Mimi wa Rungwe nitaingiaje kwenye sayansi hiyo?" Wanatarajia niwatajie chuo cha ng'ambo. Mimi huwaambia waanzie benki ya damu.

Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu, lazima mtu wa maabara awe amejibu swali moja: mwili wa mgonjwa huyu utaikubali figo ya ndugu yake, au utaikataa? Kulijibu ndiko kulinganisha tishu. Benki ya damu hulijibu swali la aina hiyo kila siku, mchana na usiku, kwa kila chupa inayotoka.

Shule niipitie haraka. Chukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na usiidharau BAM, ile hisabati ya msingi, kwa sababu takwimu utazihitaji maisha yako yote. Kisha soma shahada ya sayansi ya maabara za afya, au udaktari, au baiolojia ya molekuli. Vyuo vya MUHAS, KCMC na Bugando vinafundisha vizuri. Aliyeanza na stashahada naye asijione amechelewa. Ajisajili kwenye Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, afanye kazi, halafu ajiendeleze.

Ukifika benki ya damu, jifunze makundi ya ABO mpaka uyasome bila kusita, jifunze krosimachi, yaani kukutanisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji uone kama zitapatana, kisha jifunze kuuliza maswali mawili ambayo wengi huyaruka: umewahi kuongezewa damu? Na kwa mama: umebeba mimba ngapi? Mimba zilizoharibika nazo zihesabiwe.

Maswali hayo ndiyo yaliyoizaa fani yetu. Mwaka 1958 Jean Dausset wa Ufaransa alikuwa akichunguza seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) za watu walioongezewa damu mara nyingi, akakuta kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za watu wengine. Mwaka huohuo Jon van Rood kule Leiden na Rose Payne kule Stanford wakazikuta kwa akina mama waliozaa. Alama zinazoshambuliwa na kingamwili hizo ndizo tunaziita HLA, na Dausset alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1980.

Sasa mfikirie mama wa Kyela mwenye watoto watano, figo zake zimechoka, na mumewe kwa mapenzi yake anataka kumpa moja. Kundi la damu linakubaliana. Lakini kila mtoto aliyembeba alikuja na nusu ya HLA za baba, na mwili wa mama huenda ulishazifahamu na kuzitengenezea kingamwili. Figo ya mume inaweza kukuta jeshi limejipanga. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walichapisha hesabu ambazo kila mwanafunzi wangu lazima azijue: kati ya figo 30 zilizopandikizwa wakati krosimachi ilionyesha kingamwili dhidi ya mchangiaji, 24 zilikufa mara moja; kati ya 195 ambazo krosimachi yake ilikuwa safi, zilizokufa hivyo ni 8. Ukizielewa namba hizo, umeelewa kwa nini kazi hii ina uzito.

Hatua inayofuata ni kurithi. Jeni za HLA zimekaa karibu karibu kwenye kromosomu ya 6, hivyo kwa kawaida mtoto hupokea fungu zima kutoka kwa baba na fungu zima kutoka kwa mama. Chora mafungu mawili ya baba na mawili ya mama, uyachanganye kwa mkono wako. Utaona kwamba kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni robo, ya kulingana nusu ni nusu, na ya kutolingana hata fungu moja ni robo. Fanya zoezi hilo mpaka uweze kulieleza kwa mzee ambaye hakusoma.

Hapa nasisitiza kwa moyo wote, kwa sababu nazifahamu familia zetu. Kipimo hiki kinaweza kufichua kwamba baba anayelea si baba aliyezaa. Majibu yasisomwe kamwe mbele ya kikao cha ukoo. Zungumza na kila mtu peke yake, na ndugu anayelazimishwa na wakubwa zake kutoa figo apewe nafasi ya kusema hapana faraghani, bila yeyote kuambiwa sababu. Mtu asiyeweza kutunza siri atafute kazi nyingine.

Mikono nayo ifundishwe. Damu ya kusoma HLA kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi ili isomeke, iweke kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau. Mrija wa kijani, wenye heparini ya kuzuia damu isigande, huivuruga PCR. Krosimachi ya chembe hai ina masharti mengine: chembe zifike zikiwa hai, kwa hiyo usiufunge mrija kwenye barafu ukidhani unautunza. Uache kwenye joto la kawaida la chumba, na uufikishe mapema. Julai ya Mbeya unaijua, asubuhi vidole vinakufa ganzi. Chumba kisichopashwa joto hakistahili kuitwa chumba cha joto la kawaida. Weka kipimajoto ndani ya kisanduku cha sampuli zinazosafirishwa kwenda Dar es Salaam.

Ukishatulia, ingia kwenye utafiti. Mbeya tuna bahati ambayo vijana wengi hawaioni: kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefanya utafiti wa VVU, chanjo na kifua kikuu kwa miaka mingi. Kutenganisha chembe nyeupe, kuzihifadhi zikiwa hai, kupima jinsi chembe T, aina ya chembe nyeupe za kinga, zinavyoitika, hayo yote ndiyo mtaalamu wa upandikizaji anayafanya. Na HLA imo humohumo. Watu wenye HLA-B*57 wana nafasi kubwa zaidi ya kuvidhibiti virusi vya UKIMWI bila dawa. Aina yake ya B*57:01 ndiyo inayomweka mtu kwenye hatari ya mzio mkali wa dawa ya abakaviri. Omba nafasi ya kujitolea pale, hata ya kuandika lebo.

Swali la kukufikisha kwenye uzamivu tayari liko hapa. Waafrika ndio wenye aina nyingi zaidi za jeni duniani, na HLA zetu hazifanani na zile zilizotumika kutengeneza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vingi vinavyouzwa. Kijana atakayezisoma kwa makini HLA za watu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa ridhaa yao na kwa kibali cha maadili, ataheshimiwa Cape Town na London. Kibali hicho kianze mapema, kwa maana huchukua muda kuliko vipimo vyenyewe.

Kwa wiki hii, fanya hili. Omba barua ya utambulisho shuleni, uipeleke mwenyewe kwa msimamizi wa maabara, ukitaja siku unazoweza kuja. Na anza chanjo ya homa ya ini B sasa, kwa sababu dozi zake tatu huchukua miezi sita, nawe hupaswi kugusa damu ya mtu kabla hujakingwa.