Namna ya kuombea barabara ya vijiji viwili mpaka iingie kwenye orodha ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini

Nilikuwa mtendaji wa kijiji huku Sengerema hadi nilipostaafu, na maombi mengi niliyoyaona yakikwama wilayani yalikuwa na sentensi moja: "Wananchi wanaomba barabara." Inaanzia wapi? Inapita shamba la nani? Inakatiza mito mingapi? Mhandisi hawezi kukadiria gharama za sentensi hiyo. Barabara iandikwe kwanza, ndipo ichongwe.

Anzeni kwa kuitembea njia nzima, wenyeviti wa vitongoji vyote inakopita wakiwepo. Msiitembee wakati wa kiangazi pekee. Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ikikauka ni ngumu kama saruji, lakini mvua za vuli zikishika, pikipiki haivuki. Wazee wetu wa Kisukuma wanaujua udongo kwa majina: luseni, ule wa mchanga kule juu karibu na mawe, unapitisha maji, itogolo inatuamisha, mbuga inavimba na kupasuka. Ipitisheni barabara kwenye luseni hata kama urefu utaongezeka. Njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni huvutia kwa sababu imeshafyekwa na kwato, ila nyingi zimegeuka makorongo. Na mwulizeni mama mwenye jaruba la mpunga maji huishia wapi mwezi wa nne. Anapoonyesha, hapo andikeni kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara.

Watendaji vijana huwa nawapa mfano wa mbali. Mwaka 1844 Texas, ambayo leo ni jimbo la Marekani, ilikuwa bado jamhuri inayojitegemea, changa na isiyo na fedha. Bunge lake likapitisha sheria ya barabara kutoka Mto Trinity, karibu na Dallas ya leo, hadi Mto Red. Sheria iliteua makamishna watano wa kuichagua njia, ikataja upana usiopungua futi 30, ikaagiza visiki visizidi inchi 12 kutoka ardhini, na wajenzi walipwe kwa ardhi. Hata urefu wa kisiki waliuandika! Ndivyo ninavyotaka muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoomba barabara uwe.

Basi uandikwe hivi: "Barabara itaanzia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kwenye mkuyu mkubwa ulio nyuma ya mnada wa dagaa, itapandisha kushoto kwa shule ya msingi, itakatiza mto kwenye mawe wanapofulia akina mama, na itaishia kwenye jiwe la mpaka wa kijiji jirani." Ongezeni urefu kwa kilomita, upana, idadi ya makalvati, na huduma zinazofikiwa: zahanati, shule, mashine ya kukoboa, ghala la pamba.

Kijiji jirani nacho kiitishe mkutano wake. Mihtasari ni miwili, lakini alama ya mpakani iwe ileile. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila kijiji kikichagua njia yake, barabara mbili zitafika mpakani bila kukutana, na wilaya itaziweka pembeni zote.

Kuhusu ardhi, nendeni taratibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa mtu anayechukuliwa ardhi. Anayetoa kwa hiari atamke mwenyewe, aandike na kusaini mbele ya mashahidi, na mke au mume awepo. Mjane asisukumwe kwa makofi ya mkutano. Nalisema hili kwa moyo wote: mwembe wake mmoja unaweza kuwa ada ya mtoto. Kama hataki, pindisheni njia.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria, ukishapitisha, karatasi ziende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, kisha Halmashauri ya Wilaya. Nakala nyingine mpelekeeni meneja wa TARURA wa wilaya. Wakala huu umeanzishwa mwaka 2017 na ndio wenye barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Msichanganye ofisi.

Barabara yenu ikiungana na ya TANROADS, pimeni mita 30 kutoka katikati ya lami kabla ya kumruhusu mtu kujenga kibanda kwenye makutano. Hiyo ndiyo hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa; zamani ilikuwa mita 22.5, na wengi bado wanahesabu hiyo ya zamani.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Muhtasari uwe umefika kata kabla ya Krismasi. Mnapouwasilisha, ombeni mhuri wa "imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yenu, na nakala hiyo ikae kwenye faili la kijiji, isibaki mfukoni mwa mwenyekiti.