Jinsi ya Kuandaa Mapema Supu na Vyakula vya Mkusanyiko wa Familia Wakati wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti nyanda za juu za kusini mwa Tanzania huwa na baridi kali, na katika maeneo ya Makete na uwanda wa Kitulo kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani kabla jua halijachomoza. Kipindi hicho ndicho pia cha likizo ya katikati ya mwaka shuleni na cha sikukuu ya Sabasaba, tarehe 7 Julai, wakati ambapo ndugu waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko hurudi Njombe au Iringa kuwaona wazee. Watu ishirini wakifika kwa pamoja katika nyumba moja, mara nyingi mama mwenye nyumba na mabinti zake hawapati nafasi ya kuketi na ndugu zao, kwa kuwa wapo jikoni tangu alfajiri hadi wageni wanapokwenda kulala. Mwongozo huu umekusudiwa kumpa mpishi nafasi hiyo. Vyakula ambavyo ladha yake huongezeka vikilala vipikwe siku moja au mbili kabla, na vile vinavyoharibika kwa kulala viachwe hadi siku yenyewe.

Supu ya makongoro ianze

Katika vyakula vyote vinavyofaa kupikwa mapema, sioni kinachoizidi supu ya makongoro. Miguu ya ng'ombe haina nyama nyingi, lakini imejaa ngozi, kano na gegedu, na vyote hivi vina protini iitwayo kolajeni, ambayo ikipikwa kwa saa nyingi kwa moto mdogo hugeuka kuwa jelatini. Jelatini hiyo ndiyo inayoipa supu uzito unaonata midomoni, na ndiyo inayoifanya igande inapopoa. Kwa hiyo mpishi akifungua chombo asubuhi na kukuta supu imeshikamana, ajue kwamba kazi imekwenda vizuri, wala asidhani kuwa imeharibika.

Kwa watu 20, nunua makongoro 4 na kilo 2 za nyama yenye mfupa, na umwombe mwenye bucha akupasulie makongoro vipande vidogo, kwa sababu kuyapasua nyumbani kwa panga huacha vipande vyembamba vya mfupa ambavyo ni hatari kwa watoto. Yababue juu ya moto hata kama yanaonekana safi, yakwangue kwa kisu hadi manyoya yote yatoke, kisha uyaoshe kwa maji ya moto. Yachemshe kwa dakika 10, umwage maji hayo yote pamoja na uchafu wake, uoshe sufuria na kuanza upya kwa lita 10 za maji safi. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona kwamba wanapoteza ladha, lakini kinachomwagwa ni damu na taka za juu tu, na supu itakayopatikana itakuwa safi na isiyo na harufu nzito.

Weka ndani vitunguu maji 3 vilivyokatwa nusu, kipande cha tangawizi kinachojaa kiganja kikiwa kimepondwa, kichwa kizima cha kitunguu saumu na kijiko cha chai cha pilipili manga ambayo haijasagwa. Maji yakianza kuchemka, engua povu, kisha upunguze moto hadi uone mapovu machache tu yakipanda taratibu. Supu inayotokota kwa nguvu huyavuruga mafuta yakachanganyika na maji, na matokeo yake ni supu yenye ukungu na ladha ya mafuta mdomoni. Baada ya saa 3 tia ile nyama yenye mfupa, na uendelee kupika kwa saa nyingine 2 au 3, hadi ngozi ya makongoro iachane na mfupa kwa kuguswa na mwiko. Chumvi itiwe mwishoni, kwa kuwa maji hupungua sana, na chumvi iliyotosha mwanzoni itazidi baadaye. Ndimu na pilipili zisubiri mezani.

Jambo moja linalowatatiza wapishi wanaotoka pwani ni muda. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 93 za Selsiasi badala ya 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nyama ngumu na maharage huchelewa kuiva, na kuongeza kuni hakusaidii, kwa sababu maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto zaidi ndani ya sufuria ya kawaida. Mwenye sufuria ya presha aitumie bila wasiwasi, kwa kuwa mgandamizo wa mvuke hurudisha joto ambalo mwinuko umelipunguza, na makongoro huweza kuiva kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Asiyekuwa nayo aanze mapema zaidi ya anavyodhani inafaa.

Kupoza na kuhifadhi

Sehemu hii naomba isomwe kwa makini kuliko nyingine zote, kwa sababu supu iliyopikwa vizuri inaweza kuwaumiza watu ishirini kwa usiku mmoja wa uzembe. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu sufuria kubwa hufunikwa na kuachwa jikoni hadi asubuhi, kwa imani kwamba baridi ya Julai inatosha kuihifadhi. Baridi hiyo huupoza uso wa sufuria tu, lakini katikati ya lita 10 za supu nzito joto hukaa kwa saa nyingi. Vijidudu huzaliana kwa kasi katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60, na baadhi yake huacha mbegu ndogo zinazostahimili kuchemshwa, zikaamka wakati chakula kinapopoa polepole. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2.

Mara supu inapoepuliwa, itenganishe na nyama, uigawe katika vyombo vipana ambavyo kina chake hakizidi upana wa vidole vinne, na uvikalishe ndani ya beseni la maji baridi. Maji ya beseni yakipata joto yabadilishwe, na supu ikorogwe mara kwa mara ili joto la katikati litoke. Mvuke ukiisha na chombo kikawa hakiunguzi mkono, kiingie kwenye friji, na kisifunikwe kabisa hadi kipoe. Chakula kilichohifadhiwa hivi kitakaa siku 2 au 3 bila tatizo, na mafuta yatakayoganda juu yaachwe mahali pake hadi siku ya kupasha, ndipo yaenguliwe kwa kijiko. Yasitupwe, kwani yanafaa sana kukaangia vitunguu vya maharage.

Nyumba isiyo na friji isijaribu kulaza supu. Kazi inayoweza kufanywa mapema hapo ni ile isiyohusu chakula kilichoiva: kusafisha na kubabua makongoro jioni, kumenya vitunguu, kusaga viungo, kuloweka maharage na kupasua kuni, kisha supu iwekwe jikoni saa 10 za usiku ili iwe tayari mchana. Na kwa kuwa wakati wa baridi watu hupenda kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba ili supu iendelee kuchemka huku wakiota moto, ni lazima isemwe wazi kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje au mahali penye madirisha na mlango wazi, na lisiwe kabisa katika chumba wanacholala watoto.

Mtori upikwe kwa awamu mbili

Mtori ni chakula cha Wachaga wa Kilimanjaro, lakini sasa umeenea nchi nzima, na hakuna supu inayompendeza zaidi mzee asiye na meno au mama aliyetoka kujifungua. Tatizo lake ni kwamba hauvumilii kulala. Wanga wa ndizi hukaza unapopoa, na mtori wa jana hugeuka donge zito ambalo hata likiongezwa maji halirudii ulaini wake wa kwanza. Kwa hiyo ninashauri upikwe nusu nusu: siku moja kabla, chemsha kilo 2 za nyama ya mbavu hadi ilainike, uichambue, na uihifadhi pamoja na mchuzi wake kwa njia iliyoelezwa hapo juu. Siku yenyewe menya kilo 3 za ndizi mshare ukiwa umepaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, ziloweke katika maji yenye ndimu zisiwe nyeusi, kisha uzipike ndani ya mchuzi uleule pamoja na vitunguu na karoti kwa dakika 40 hivi. Zikiiva ziponde kwa mwiko, rudisha nyama, na ulainishe kwa kikombe cha maziwa au kijiko cha siagi. Acha mtori uwe mwepesi kidogo kuliko unavyopenda, kwa kuwa utaendelea kukaza ukiwa mezani.

Maharage, na boga kwa wasiokula nyama

Maharage ni rafiki wa kweli wa mpishi anayeandaa mapema, na hakuna aliyekulia katika nyumba ya Kitanzania asiyejua kwamba kiporo chake ni kitamu kuliko yalipotoka motoni. Kilo 2 zinatosha watu 20 ikiwa kuna vyakula vingine. Yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, kisha uyachemshe kwa moto mkali kwa angalau nusu saa kabla ya kupunguza moto. Moto huo wa mwanzo una sababu yake: maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli, wala si na moto hafifu, na anayeyapika tangu mwanzo kwa moto mdogo anaweza kuwasababishia wageni kutapika. Nyanya na ndimu zitiwe baada ya maharage kulainika, kwa kuwa uchachu huzuia maganda yasilegee. Ukitaka kuyaunga kwa nazi, yahifadhi bila nazi, utie tui zito siku ya kula, kwa moto mdogo, bila kuliacha litokote likakatika.

Supu ya boga haihitaji maelezo marefu. Kaanga vitunguu na tangawizi, tia kilo 3 za boga lililomenywa na kukatwa, funika kwa maji hadi yalifikie boga, pika hadi lilainike, kisha usage. Anayetumia blenda asubiri supu ipungue joto na asiijaze zaidi ya nusu, kwa sababu mvuke wa supu ya moto huweza kurusha kifuniko na kumuunguza. Supu hii huhifadhika kwenye friza kwa miezi 2 bila kupoteza ladha, na kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini ni chaguo zuri la mwezi Oktoba na Novemba, kwa kuwa huo ndio msimu ambao maboga hujaa sokoni kwa bei nafuu huku baridi ikianza.

Mpangilio wa siku

Tukichukua Sabasaba kama mfano, sambusa zikunjwe tarehe 4 na kuwekwa kwenye friza zikiwa mbichi, zikaangwe siku yenyewe bila kuyeyushwa, katika mafuta ya moto wa wastani ili ndani paive. Makongoro yapikwe tarehe 5, maharage na nyama ya mtori tarehe 6 asubuhi, na chapati tarehe 6 jioni. Chapati zikifungwa kwa kitambaa safi zingali na joto hubaki laini, na hupashwa kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja kila upande. Wali upikwe siku ya kuliwa, kwa sababu wali uliolala nje ya friji huweza kubeba sumu ya vijidudu isiyoondolewa kwa kupashwa moto. Kachumbari nayo ikatwe saa moja kabla ya chakula, na chumvi itiwe mwisho isije ikatoa maji.

Tarehe 7 asubuhi supu iliyoganda irudishwe motoni ikiwa bado na saa mbili kabla ya wageni kuketi. Ipashwe taratibu hadi ianze kuyeyuka, kisha ichemke kwelikweli kwa dakika 5, na nyama irudishwe ndani wakati huo ili nayo ipate moto wa kutosha. Ionje upya kabla ya kuipeleka, kwa maana supu iliyolala huhitaji chumvi kidogo zaidi. Pasha kiasi kitakacholiwa tu, na kilichobaki kikae kwenye friji, kwa kuwa kupasha na kupoza sufuria ileile mara nyingi huongeza hatari kila mara. Wazee wapakuliwe kwanza, vipande vyao vikiwa vimetolewa mifupa, na bakuli la pilipili ya kusaga liwekwe mbali na watoto. Watakaobaki hadi kesho yake wapewe kifungua kinywa cha chapati na supu ile iliyobaki kwenye friji, ikichemshwa upya kwa mara hiyo moja.