Nafasi ya kuacha mbele ukitumia kruzi ya rada, barabara ya Segera–Tanga

Kwa mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika, yaani mita 33. Hapo ongeza mita 36 hivi za kusimama kwenye lami kavu na tairi nzima. Lami ikilowa, ni zaidi ya 60.

Kwa hiyo acha sekunde 3 pakiwa pakavu, 5 mvua ikinyesha. Chagua nguzo au kibao. Mkia wa gari la mbele ukikipita, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Ukikifikia kabla hujamaliza, achia mafuta taratibu, usipige breki.

Kruzi ya rada, yaani mfumo unaoshika mwendo uliopanga na kuupunguza wenyewe ukikaribia gari la mbele, haikuondolei hesabu hii. Toyota nyingi zina ngazi tatu za nafasi: kwa mwendo wa 80 ni mita 50, 40 na 30 hivi. Hata ile ndefu haifiki sekunde 3! Weka ndefu, kisha punguza mwendo uliopanga mpaka nafasi itanuke. Mwaka 1997 huko San Diego, Marekani, magari 8 yalikwenda yakiachana mita 6.5 tu, lakini yalikuwa yakipashana habari kwa redio. Fuso iliyo mbele yako haiambii gari lako chochote.

Hatari kubwa zaidi ni semi tela iliyoharibika na kuachwa barabarani. Rada nyingi, hasa za magari ya zamani, hupuuza kitu kilichosimama, la sivyo zingeshtuka kwa kila kibao na daraja. Gari unalolifuata likikwepa ghafla, mfumo unaona njia tupu na kuongeza mwendo kuelekea tela. Ukiona matawi yametandazwa kwenye lami, zima kruzi papo hapo, mguu kwenye breki. Izime pia kabla ya kuingia Hale, Muheza na Pongwe, kwenye bodaboda na wavukaji.

Ukichomekewa, usishindane. Achia mafuta, jenga nafasi upya. Basi likikubana nyuma, ongeza nafasi ya mbele ili usilazimike kukanyaga breki kwa nguvu, na lipishe panapofaa.

Mvua za masika zikianza, futa tope kwenye nembo ya mbele au bampa, kutegemea rada yako ilipo, kwa kitambaa laini chenye maji. Usifunge ngao ya chuma mbele yake.